Kiti cha Hajji na transista ya tatu

Leo nimeaibika mbele ya mteja, na nilistahili.

Hajji Juma, aliyenifundisha madrasa hapa Kibuli, ana kiti cha magurudumu cha umeme. Mara mbili nimekibadilishia transista inayoendesha mota. Kwenye karakana yangu kinatembea vizuri. Akirudi nacho nyumbani, inaungua.

Leo asubuhi imeungua ya tatu.

Nikaanza kulaumu. "Hajji, huko sokoni Nakivubo wananiuzia vipuri feki."

Yeye yuko kwenye benchi, ananitazama. "Aisha mwanangu, ukikijaribu hicho kiti, nani anakikalia?"



Jamani, hakuna mtu! Siku zote nakijaribu kitupu.

Nikazichomoa nyaya za mota pande zote mbili, nikazipima. Ziko sawa. Nikamsaidia Hajji kukaa, nikapima tena.

Mita ikalia piiii.

Kumbe uzito wake unashusha chuma cha kiti, na chuma kinabana nyaya mbili zilizochubuka. Zikigusana tu, ni shoti. Transista za watu hazina kosa, na wauzaji pia hawana.

(Mafundi, semeni ukweli. Ni mimi peke yangu?)

Nikaweka nyaya mpya mbali na kile chuma, na transista nyingine. Hajji akakaa, akazunguka ua mara mbili. Haikuungua.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Wiki hizi zote wajukuu wamekuwa wakimsukuma hadi msikitini kilimani. Nikashika kiti nimsindikize.

"Achia," akasema.

Nikaachia. Akapanda barabara mwenyewe.