Noti Iliyokuwa Chini ya Chumvi

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, miaka ile ya tisini, Kitengela ikiwa bado maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na tope lake jeusi likishika kiatu cha mtu kama mdai. Nilikuwa mhudumu katika hoteli ya nyama choma. Mteja alichagua nyama yake pale mbele buchani, ikapimwa, ikachomwa nyuma, nami nikaileta juu ya ubao, nikaikata mbele yake, nikamwekea chumvi na kachumbari. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani Athi River. Mshahara wangu ndio uliokuwa unga wetu, mafuta ya taa yetu na kodi ya chumba.

Lakini hoteli ile ilikuwa na sheria moja ambayo hadi leo nikiikumbuka damu inanichemka. Bili ya meza ikipungua, aliyehudumia meza hiyo ndiye analipa. Wiki iliyotangulia wanaume wawili walikuwa wamesimama kama wanaoenda kunawa mikono, na mpaka leo wananawa. Kariuki, mwenye hoteli, alinikata pesa hizo, kisha akanionya: "Rispa, ikipungua tena, aproni utaniachia hapo kwa msumari."

Sasa sikiliza waliokuja Jumapili hiyo. Hawakuwa walevi wala matapeli. Ilikuwa kamati ya kanisa langu mwenyewe, kanisa ambamo asubuhi hiyo nilikuwa nimeimba kwaya kabla ya kukimbilia kazini. Walikuwa wametoka kwenye harambee ya mabati, wakamleta mgeni wao wa heshima, Mzee Lemayian, ambaye alikuwa amelipatia kanisa kiwanja bure kutoka kwa ardhi yake. Aliyewaongoza ni Shemasi Elijah, mweka hazina wetu. Nilipowaona nilifurahi kwa moyo wote. Nilijiambia, mcheza kwao hutunzwa, na leo niko kwetu.

"Takwenya!" Mzee alinisalimu kwa Kimaasai, vile wanavyosalimiwa wanawake.

"Iko," nikaitikia, akacheka kwa kufurahi.

Walikula, mwanangu. Walikula mbavu, wakaongeza mguu wa mbuzi, wakaongeza ugali, wakaniita kila dakika. "Dada Rispa, pilipili!" "Dada Rispa, hii soda haina baridi!" Nami nilikuwa nikienda na kurudi, sikununa. Waimbaji wawili waliokuja nao waliondoka mapema wakisema gari la Kajiado litawaacha. Hawakuacha hata shilingi. Mzee naye, alipomaliza, alichomoa noti ya mia kutoka ndani ya shuka yake, akainua kibakuli cha chumvi, akaiweka chini yake. "Hii ni yako, entito," aliniambia, yaani msichana. "Umekata nyama vizuri." Kisha akatoka nje kusalimia wazee wenzake waliokuwa wakiuza mbuzi ng'ambo ya barabara.

Nilileta bili. Shemasi Elijah akahesabu vichwa vyote vilivyokuwa vimekaa pale tangu mwanzo, akagawanya, akamtajia kila mtu sehemu yake. Hesabu ya kugawanya haikuwa na kosa. Lakini mgeni hakuombwa kitu, na ni sawa, mgeni haombwi. Walioondoka hawakuwepo kuombwa. Wengine walitoa kila mmoja yake, hakuna aliyezidisha, na pesa zikapungua. Wakatazamana. Kisha yule shemasi akanyoosha mkono, akainua kibakuli cha chumvi, akaichukua ile noti, akaichanganya na zingine.

"Shemasi, hiyo ni ya Rispa," mama mmoja alisema kwa sauti ya chini.

"Rispa si ni wetu?" alijibu huku akicheka. "Leo ametoa sadaka bila kupanda madhabahuni. Na hiyo ingine iliyobaki, dada, mwambie Kariuki atungojee hadi Jumapili. Bwana atakulipa."

Wakacheka. Nami nilisimama na ubao mtupu mkononi, mafuta yakinidondokea kwenye kiatu. Niliona aproni yangu tayari imening'inia kwa msumari. Sikusema kitu, kwa sababu alikuwa shemasi na nilikuwa nimefundishwa kwamba mtumishi wa Mungu hajibiwi. Usiite unyamavu ule unyenyekevu, mwanangu. Ulikuwa woga, na wengi hunenepa kwa woga wa wenzao.

Walikuwa wameanza kusimama Mzee Lemayian aliporudi. Alitazama meza. Alitazama kibakuli cha chumvi kilivyokuwa kimesogezwa. Kisha akanitazama usoni.

"Ile noti imeenda wapi?"

Shemasi akasema, "Mzee, tumejazia bili kidogo tu. Huyu ni dada yetu. Sisi wote tumelipa yetu."

Mzee aliketi taratibu, akaweka rungu lake juu ya magoti. "Mmelipa yenu. Na yangu imelipwa na nani? Mimi nimekula mbavu."

"Wewe ni mgeni wetu, Mzee."

"Mgeni wa nani? Kwetu ng'ombe ikichinjwa, kila kipande iko na mwenyewe kabla kisu haijagusa ngozi. Kuna ya wazee, kuna ya akina mama, na yule anachoma moto pia iko na yake. Hakuna mtu anasema, huyu ni ndugu yangu, wacha nikule yake." Akanyoosha kidole kwangu. "Kama ni huyu msichana amelipa nyama yangu, basi ni yeye amenikaribisha. Na kama ni yeye amenikaribisha, kile kiwanja nilikosea mtu wa kupea. Kesho tuende kwa chifu, niandike jina yake."

Laiti ungeona vile mikono ilivyoingia mifukoni! Watu ambao dakika moja iliyopita hawakuwa na kitu walipata noti kwenye soksi, kwenye Biblia, kwenye kitambaa cha kichwa. Bili ilitimia ikapita. Shemasi Elijah aliirudisha ile noti ya mia chini ya chumvi, lakini Mzee akatikisa kichwa. "Hapana. Kwa mkono yake, na umwambie asante." Shemasi akaniwekea mkononi. Asante aliisema akitazama ukuta.

Hakuna aliyeniomba msamaha, si siku hiyo, si baadaye. Nilisamehe, kwa maana Mungu amenisamehe makubwa zaidi, na namshukuru kwamba siku hiyo hakuniacha mikononi mwa watu wake. Lakini kusamehe si kusahau kwamba jambo lilikuwa ovu. Lilikuwa ovu. Mtu wa mbali alinitunza, watu wa kwetu wakanipora, na waliniita dada walipokuwa wakifanya hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nanyi mnaokwenda kula pamoja siku hizi, mkachanga, mkacheka, nawaambia: aliyealika mgeni abebe sehemu ya mgeni, na anayetoka mapema aache yake mezani kabla hajavaa koti. Upungufu ni wa waliokula, si wa aliyesimama mkiwa mmeketi. Na kile mtu alichomwachia mhudumu kimeshakuwa mali ya mhudumu. Ukikigusa umeiba, hata kama umetoka kuomba. Ukimkuta anayekuhudumia ni mtu wa kanisa lako, wa kijiji chako, wa tumbo moja nawe, usitafute kupunguziwa. Mwongezee, kwa kuwa ni wako. Na ukiona mkono wa mkubwa unaelekea kwenye kibakuli cha chumvi, usinyamaze kama mimi. Sema, hata sauti ikitetemeka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe meza isiyokosa chakula, na akujalie kuondoka kila mezani bila jasho la mtu kinywani mwako. Na mikono itakayokukatia nyama, ikubariki hata baada ya wewe kutoka mlangoni.