Haja ya Suwailim

Mama Laith alianza chuo kikuu akiwa tayari ni bibi mwenye wajukuu, na mji wa Karak ukapata la kuzungumza. Shahada yenyewe ilikuwa ya afya ya akili na ustawi. Majirani walipomwona anapanda kilima na mkoba begani waliulizana kama anakwenda kusomea vichaa au anakwenda kutibiwa. Bingwa wa mzaha huo alikuwa mumewe, Dhiab. Akiulizwa mkewe yuko wapi, alijibu kwamba yuko darasani anajifunza kwa nini waume hukoroma. Lakini asubuhi za baridi alikuwa akimwashia gari mapema lipate joto, na hilo hakumwambia mtu.

Jina hasa la Mama Laith ni Naufa. Watu walidhani amechoka kukaa nyumbani, kumbe alikwenda chuo kwa ajili ya mtu mmoja tu: kaka yake, Suwailim.

Suwailim aliendesha gari la wagonjwa kwenye barabara kuu ya jangwani tangu ujanani. Malori yakigongana huko, wa kwanza kufika alikuwa yeye, na mara nyingi alikuta hakuna mgonjwa wa kubeba, maiti tu. Siku moja alirudi kwa miguu, funguo kaziacha kazini, na tangu siku hiyo hakupanda gari lolote, liwe la harusi au la msiba. Mkewe alisema usiku anakaa tu ukingoni mwa kitanda, macho makavu. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kwao mwanamume akinyamaza huachwa anyamaze, eti hiyo ndiyo heshima.

Basi Naufa akasoma. Alisoma kwa uroho, mpaka akawa anajionea aibu. Siku ambayo mwalimu wao, Dokta Haifa, alieleza kwamba mwili wa mtu unaweza kuendelea kuogopa jambo lililokwisha zamani, bila mtu huyo kuwa kichaa wala dhaifu wa imani, Naufa aliweka kalamu chini akalia mbele ya watoto wa watu. Jambo la nyumbani kwao lilikuwa na jina! Watu wa mbali, wasiomjua Suwailim, walikuwa wamekaa wakalichunguza kwa subira. Alitoka darasani siku hiyo anatembea kama aliyetoka kusali.

Taabu ya elimu mpya ni kwamba haitulii kifuani. Mwaka wa pili alimwalika kaka yake kula mansaf. Sinia likaletwa, wali, nyama ya kondoo, mtindi unafuka moshi. Suwailim hajamega hata tonge, Naufa akaanza. Analala saa ngapi? Anaota ajali? Akisikia king'ora moyo unakwenda mbio? Maswali yalikuwa sahihi, yote ya darasani. Ila Karak mgeni hahojiwi kabla hajala, hata awe amekuja na damu ya mtu mikononi, na Naufa alilijua hilo tangu ananyonya. Suwailim akasimama, akasema Mungu awazidishie, akaondoka bila kuonja.

Dhiab alilitazama sinia, akamtazama mkewe. "Mama Laith," alisema, "hata polisi humpa mtu chai kwanza."

Suwailim hakutia tena mguu pale. Zabibu zikavunwa, zeituni zikavunwa, salamu za Naufa zikaenda na hazikurudi. Mitihani alifaulu, na kila akifaulu iliuma zaidi. Mwaka wa mwisho ulipoanza alisema basi. Alimwambia Dhiab kwamba mtu aliyemfukuza kaka yake mwenyewe kwenye sinia hana haki ya kukaa na wagonjwa wa wenzake. Dokta Haifa alimsihi, hakusikia. Jumapili angekwenda kurudisha vitabu na kuaga.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Suwailim akaja. Alikuwa amevuka bonde kwa miguu, vumbi mpaka magotini, na amevaa joho lake la shughuli kubwa. Dhiab alimkaribisha, akamkalisha, akashika dele na kummiminia kahawa chungu. Suwailim aliipokea finjani kwa mkono wa kulia, kisha akaiweka chini kwenye zulia bila kuipeleka mdomoni.

Naufa, aliyekuwa mlangoni, aliiona pale chini. Mgeni akiweka finjani chini, ana haja nzito, na hatakunywa mpaka akubaliwe. Ndivyo wanavyoposa, na ndivyo koo zilizouana zinavyoombana suluhu. Kwa kaka kufanya hivyo nyumbani kwa dada yake, hakuwahi hata kusikia.

Dhiab alisema linalopasa kusemwa: "Kunywa kahawa yako, shemeji. Ulilolijia umelipata."

"Haja yangu haiko kwako, Baba Laith. Iko kwake." Suwailim alikuwa anaongea na zulia. "Nimechoka, Naufa. Nawasikia wale wa barabarani. Nikila nawasikia, nikisali nawasikia. Nipeleke kwa hao wanaokufundisha. Usiniulize wewe, wewe dada yangu, nitakuonea haya. Lakini unipeleke wewe."

Naufa aliitazama ile finjani. Jambo ambalo wanaume wa kwao huzikwa nalo, huyu amelivalia joho, akalileta mchana kweupe, akaliomba kwa heshima ileile ya kuomba damu isamehewe. Hakuna kitabu kilichowahi kumtetemesha hivyo. Alimwogopa kaka yake, kwa ukubwa aliouona.

Dhiab akasogea kando na dele lake. Maneno ya kumjibu mgeni ni ya mwenye nyumba, na katika ukoo wao hakuna mwanamke aliyepata kuyatamka. Naufa aliingia, akaketi kwenye zulia mbele ya kaka yake.

"Kunywa kahawa yako, ndugu yangu," alisema. "Ulilolijia umelipata."

Suwailim aliishika finjani kwa mikono miwili. Kahawa ilikuwa imepoa, nyingine ikamwagikia joho. Aliinywa mpaka mashapo, akaanza kulia, na Naufa hakumuuliza kitu.