Mdogo wangu aliniuliza kama aende vitani, nami sikumjibu

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Mwenye ukurasa huu ameniahidi kulificha jina langu, na ya wengine nimeyabadili mwenyewe. Nina miaka thelathini na minne, nina mke na watoto watatu. Ni fundi cherehani hapa Korogwe, nashonea kwenye baraza ya duka la Mhindi muuza vitambaa. Kwetu ni Kwedizinga, Handeni. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyeshika nafasi yake kwa mama na kwa mdogo wangu, ambaye nitamwita Salimu.

Salimu alikuwa askari wa Mwingereza. Alipokuja likizo, habari zilikuwa zimeenea kwamba askari wetu wa Tanganyika wanapelekwa Kenya kupigana na watu walioingia msituni kudai ardhi yao. Mkataba wake ulikuwa unakwisha. Ama atie sahihi tena aende huko, ama arudishe sare abaki kulima.

Siku hizo pale barazani hapakuwa na mazungumzo mengine. Mzee Kibwana, mtu wa kijijini kwetu aliyepigana Burma, alikuwa akisema, "Askari hachagui vita. Malkia akiita, unafunga viatu." Mwalimu mmoja kijana, mtu wa chama cha kudai uhuru, alimjibu, "Mzee wangu, Mkikuyu amekukosea nini? Leo tukimsaidia Mwingereza kumpiga jirani, kesho tukidai chetu, huyo jirani atatuonaje?" Wengine wakasema tukae kando, ya Kenya wayamalize Wakenya. Mzee Kibwana akacheka, "Moto wa jirani haulali kwa jirani." Wakabishana mpaka Mhindi akatoka kuwaomba wapishe wateja.

Wakiniuliza mimi, nilijibu kwamba mimi ni fundi, simo. Nilikuwa nawashonea watu wa chama, na makarani wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa bomani, nao walikuwa wateja wangu. Niliona hiyo ndiyo busara.

Siku mbili kabla likizo yake haijaisha, Salimu alikuja mchana, watu wametawanyika kwenda kula. Akakaa karibu yangu.

"Kaka, nimemfuata Mzee Kibwana faraghani. Ameniambia ya barazani ni ya barazani. La kweli nikuulize wewe uliyekaa mahali pa baba. Niende?"

Nilikuwa nakunja pindo la suruali. Sikusimamisha mguu. "Salimu, mimi siingii katika siasa. Fanya unavyoona."

"Sikuulizi siasa, kaka. Nakuuliza mimi."

"Wewe ni mtu mzima," nikamwambia.

Akainuka, akasema, "Haya, kaka," akaondoka. Nami nikaimaliza suruali ile, mwenyewe akaja kuichukua jioni.

Haikupita miezi saba, jumbe akafika kwa mama na barua kutoka bomani. Salimu ameuawa msituni, na amezikwa huko huko.

Sikulia. Nilipanda basi, nikafika, nikapokea mikono ya watu. Mke wangu aliniambia, "Lia, mume wangu, usijifunge." Sikuwa nimejifunga. Hapakuwa na kitu cha kutoka. Mpaka leo nakula, nalala, nashona. Mteja akinichekesha, nacheka.

Matangani mama aliniuliza mbele ya watu, "Mwanangu hakukuomba shauri wewe?"

"Hakuniomba, mama."

Neno lilitoka laini kabisa, kama salamu. Mama akatikisa kichwa. "Basi ni yule mzee na Burma yake ndiye aliyemtia wazimu." Mzee Kibwana alikuwa amekaa mkekani, hatua chache tu. Alinitazama mara moja, akainamisha macho.

Tangu siku ile watu wamemtenga. Akina mama hawaitikii salamu zake, na vijana wa chama wanamwita kibaraka. Barazani kwetu hakanyagi tena. Mwezi uliopita nilimkuta sokoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mgosi."

Nikafungua mdomo, akanikatiza. "Mama yako ameshapoteza mtoto mmoja. Usimpotezee na wa pili kwa ajili yangu." Akabeba muhogo wake, akaenda zake.

Sasa mama ameniagiza nimtafutie shehe wa kusoma halbadiri, kisomo cha kumwapiza yule aliyempeleka mwanawe kufa. Jina hatalitaja, anasema Mungu anamjua mwenyewe. Anataka kisomewe nyumbani kwangu, na atafika kwa basi la Jumatano. Shehe nimeshampata. Amekubali.

Nilidhani nitaogopa. Siogopi, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi juu ya nafsi yangu. Nikisema kweli, mama atajua kwamba mtoto wake aliomba neno moja tu kwa kaka yake akalikosa, na sidhani atanitazama tena usoni. Nikinyamaza, mzee asiye na hatia ataingia kaburini na lawama yangu.

Ninyi mlio na wazazi hai, nipeni shauri. Msiniambie siku yake ilikuwa imefika, hayo nimeambiwa na wengi. Niambieni hili moja: nimwambie mama kabla shehe hajafungua kitabu, au nikae naye mkekani, niitikie amina?