Chungu Kilicho Chini ya Tanuru la Babu

Mhariri, lifiche jina langu na la kijiji chetu. Mengine yaache kama nilivyoyaandika, hata kama yatawaudhi watu.

Wasomaji wenzangu, mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, Mnyiha kutoka milimani, magharibi ya Mbeya. Nafundisha shule ya wasichana Iringa. Sijaolewa, na hilo siliombei ushauri, kwa hiyo wenye kaka na wajomba wanaotafuta wake watulie.

Mwaka huu lilitoka tangazo la nafasi za utafiti wa historia ya kale kwa vijana waliosoma, na jimbo letu lilipewa moja tu. Atakayechaguliwa atalipwa mshahara miaka miwili azunguke nyanda hizi akiandika habari za watu wa zamani, kisha apelekwe masomoni. Nikaomba. Walimu wenzangu wa kiume walicheka hadi chai ikawapalia. Mmoja wao, nitamwita Mwalimu S., naye alikuwa ameomba. Akaniambia, "Dada, haya mambo ya kale tuachie sisi. Wewe kafundishe ushonaji." Niliingia chumbani nikaandika kurasa kumi na mbili kuhusu tanuru la babu yangu la kuyeyushia chuma.

Babu ndiye wa mwisho kwetu anayeijua kazi hiyo. Tanuru lake la udongo, refu kuliko mtu, bado limesimama, mavi ya chuma, makapi yanayobaki baada ya kuyeyusha, yamelizunguka pande zote. Mwanamke mzima halisogelei, ni mwiko. Lakini kabla ya moto kuwashwa, chungu cha dawa hufukiwa chini ya sakafu yake, na anayekifukia lazima awe mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo. Mara ya mwisho lilipowashwa ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, majembe ya dukani yalipoadimika. Nilikuwa na miaka minane. Nilikifukia mimi, na babu akaniambia nisimwambie mtu.

Nami nikayaandika hayo kwenye zile kurasa. Kosa langu nalikiri. Kilichomo sikukitaja, ila nilisema chungu kipo na nilisema kipo wapi. Niliitaka ile nafasi jamani, nikatoa kitu ambacho Mwalimu S. hana.

Nikaitwa Mbeya kusailiwa. Mtaalamu wa Kizungu anayeongoza utafiti alinisifu sana, akasema nafasi ni yangu kwa sharti moja: nianze na tanuru la kwetu kabla ya mvua za kwanza, nivunje sakafu, nitoe chungu na kumkabidhi. Nikamwambia, "Bwana, nitakuandikia yote bila kuchimba. Nilikiweka kwa mkono wangu."

Akatikisa kichwa. "Mwalimu, kumbukumbu ya mtoto si ushahidi. Usipochimba wewe, atachimba anayekufuata." Anayenifuata ni Mwalimu S.

Nikaenda kwa babu siku ya pili yake. Tangu utotoni babu hunitania kwa kuniita "mke wangu", na siku hiyo alinipokea hivyo hivyo, akauliza, "Mumeo umemletea sukari?" Nikamweleza yote, hata la kuandika. Nilipomaliza, akaniita "Mwalimu". Wasomaji, jina hilo linanipa heshima kila mahali, lakini kinywani mwake liliniuma kuliko tusi.

"Mwalimu," alisema kwa Kinyiha, "aliyeweka chungu hakitoi. Na wewe sasa ni mwanamke."

"Na akija mwanamume mgeni akachimba?"

"Huyo haujui mwiko wetu. Lawama si yake."

"Kwa hiyo afadhali mgeni kuliko mimi?"

"Afadhali mgeni. Wewe ukilivunja tanuru, siku nikifa usishike udongo wa kaburi langu."

Nilimjibu, na sijuti. Nilimwambia, "Babu, nilipokuwa na miaka minane mkono huu ulifaa. Hamkuniuliza kama naliogopa giza la mle ndani, mlinipenyeza kwenye tundu la chini nikatoka na majivu machoni. Leo mkono huo huo umejua kuandika, ndiyo umekuwa mbaya?" Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Yule mtaalamu nilimwandikia barua. Nikasema chungu hakina miguu, anayeondoka ni babu. Anilipe mshahara nikae na mzee nimwandike angali hai, maana akifa, chungu kitabaki kuwa chungu tu. Jibu lilikuja la mstari mmoja: nichimbe au niache.

Sasa niko Mbeya kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, muuza vitambaa. Nilipomwomba ushauri alicheka kwa huruma. "Mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi ntakwambia chimba, halafu n'lale zangu usingizi. Waandikie wale wa gazetini, wako wengi."

Ndiyo nawaandikia. Nikikataa, tanuru litavunjwa na mtu asiyejua hata mahali pa kukanyaga, babu atabaki wangu, nami nitarudi kwenye chaki. Nikichimba, habari za babu zitaandikwa na mtu wa damu yake, na siku ya kumzika nitasimama mbali kama mpita njia. Nampenda babu. Na kazi hii naitaka, sitajifanya siitaki ili nionekane mtoto mwema.

Semeni nanyi, nishike lipi? Mawingu yameanza kujikusanya juu ya milima. Ila yeyote atakayeniandikia kwamba haya ni mambo ya wanaume, anitajie kwanza mle ndani ya chungu mna nini.