Runinga ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipomletea mama runinga kubwa kutoka Dar, nusu ya kijiji ilikuja kuiona. Waliisifia, kisha wakampongeza mama kwa kuzaa mwana. Mimi niliyebaki naye hapa Mgwashi miaka yote, niliyeezeka upya paa la nyumba ileile, nilikuwa nagawa vikombe vya chai. Nilimwonea wivu mdogo wangu. Nasema wazi, maana hata nikificha mke wangu atawaambia.

Ndipo nikakumbuka kompyuta yangu mpakato. Ni ya zamani, nzito, na kioo chake kilikufa siku nyingi. Ukiiwasha inanguruma lakini huoni kitu. Ila ndani yake mna kitu ambacho mdogo wangu hana: video niliyoipiga mwenyewe, kwa kamera ya kuazima, ya mnada wa sikukuu ya mavuno. Kanisani kwetu ibada ikiisha, mazao na kuku waliotolewa sadaka hunadiwa nje, na enzi hizo mnadishaji alikuwa baba. Watu walikuwa wakinunua kuku na kumrudisha anadiwe tena, ili tu wamsikie baba akimsifia upya. Mama hakuwa ameisikia sauti ile tangu tumzike. Nilitaka aisikie, na nilitaka aisikie kutoka kwangu.

Shida ilikuwa matundu. Kompyuta yangu ina lile tundu pana la buluu la kizamani, la VGA. Kwa waya wa kompyuta, runinga ina vitundu vyembamba vya HDMI peke yake. Nikampigia mdogo wangu.

"Shikamoo, kaka."

Adabu yake haina kasoro, na hilo nalo linaniudhi.

"Marahaba," nikasema, nikamweleza.

"Kaka, si fundi akuhamishie hiyo video kwenye flashi? Unachomeka nyuma ya TV, basi."

"Flashi zinaharibika."

Ukweli ni kwamba flashi haionekani. Nilitaka kompyuta yangu ikae juu ya meza, wote waone kwamba bila mimi runinga yake ni kioo tu. Nikateremka hadi Mombo kutafuta adapta ya kuunganisha matundu hayo mawili, siku nzima ikaishia njiani.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nilimkalisha mama kwenye kochi, majirani wakajipanga nyuma yake. Nikachomeka, nikabonyeza. Baba akatokea, amemnyanyua kuku juu kwa mikono miwili. Mama akashika mdomo. Midomo ya baba ikawa inakwenda mbio, watu wanapiga makofi, na sebuleni kimya. Nikaongeza sauti hadi mwisho wa rimoti. Kimya.

"Mpigie mwenzio," mama akasema, macho kwenye runinga.

Nilitoka hadi kwenye migomba ili wasinisikie nikiomba.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Picha ipo, sauti haitoki."

"Hilo tundu la buluu linapitisha picha tu, kaka. Hiyo adapta haikuja na kawaya kembamba?"

Kalikuwepo. Nilikaacha kwenye pakiti nikidhani ni ka akiba.

"Kachomeke kwenye adapta, upande wa pili kwenye tundu la hedifoni la kompyuta."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Nilirudi, nikachomeka, na sauti ya baba ikalipuka mpaka bati likatetemeka, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kuipunguza.

"Kuku huyu halali njaa, wala hamlazi njaa mwenye nyumba!"

Mama alicheka huku machozi yakimtoka. Nikavimba kichwa. Ni mimi huyu, nilijiambia. Kisha baba akageukia umati, akasema neno ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Kitindamimba wangu yuko Dar masomoni, bahati yenu! Angekuwepo, huyu kuku msingempata hata manyoya!"

"Rudisha hapo," mama akasema.

Nikarudisha.

"Tena. Na mpigie mwenzio, asikie."

Nikampigia, nikaishikilia simu mbele ya runinga huku nimeuma meno. Baba akasema maneno yale kwa mara ya tatu, umati ukaangua kicheko, na ndipo nikakisikia kicheko kimoja kilichokuwa karibu kuliko vyote, cha furaha tupu, kikubwa hata picha ikatikisika. Kilikuwa changu, mimi niliyeshika kamera.