Kuku wa Mama Waliolala Nyumba za Watu

Mwanangu, iko siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Kwa kuwa nimesikia umeanza kufuga kuku uani kwako, na vifaranga wameanza kuwa wengi, nimeona nikusimulie kabla hujafanya nilivyofanya mimi. Ni siku niliyotoka nyumbani kwetu Ngulyati na baiskeli ya kuazima, tenga tupu nyuma yake, nikarudi tenga limejaa kuku, nikijiona mwanaume kamili. Sijawahi kujiona hivyo tena.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba alikuwa ametangulia, na mama akamfuata kabla pamba ya mwaka ule haijapasuka. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu alikuwa Kabula, msichana wa miaka kumi na moja, na nyuma ya Kabula alikuwa Limi, ambaye bado alikuwa akiingia jikoni kila asubuhi kumtafuta mama. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Si kwa utundu. Jembe liliniita na hapakuwa na mwingine wa kuitika.

Msiba ulipokwisha, ndugu walikaa kutuzungumzia. Baba yetu mdogo alikuwa ametoka Dutwa. Akaniambia mbele ya watu wote:

“Masunga, ng'wana wane, mwanangu, mtoto halei watoto. Lakini sitaki isemwe kwamba nimebomoa mji wa kaka yangu. Nawaacha mpaka pamba ivunwe. Nikija nikakuta mnakula na mnavaa, mtabaki pamoja. Nikikuta mna njaa, Kabula atakwenda kwa shangazi yenu Lamadi, na Limi nitamchukua mimi.”

Hakuwa mtu mbaya. Nakuambia hivyo mapema ili usimtafute mbaya mahali ambapo hayupo.

Ng'ombe wetu walikuwa wamekwisha kwenye ugonjwa wa baba. Kilichobaki ni shamba dogo la pamba, mahindi kidogo, na kuku. Na kwetu Usukumani, siku zile, kuku walikuwa mali ya akina mama na watoto. Mwanaume alijulikana kwa ng'ombe. Mimi nikawa mwanaume wa kuku, na sikuona haya, maana tumbo halina haya. Nilijifunza kufudikiza chungu chenye mabua na samadi juu ya kichuguu ili mchwa wapande, kisha nawamwagia vifaranga. Nilijifunza kuwafunika kwa tenga mwewe anapozunguka. Nilijifunza kwamba koo anayelea vizuri haliwi, hata aje mgeni wa namna gani. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe. Mimi nikaapa kwamba wangu watataga, wataangua, na watalea.

Sasa, miaka ile ndiyo soko huria lilikuwa linaingia kwetu. Tulikuwa tumezoea ushirika peke yake kununua pamba. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao. Sabuni ikaonekana dukani, mitumba ikajaa mnadani, na kila mwenye baiskeli akawa mfanyabiashara. Sisemi ilikuwa mbaya. Chumvi haikutafutwa tena kwa kujuana. Lakini pamoja na sabuni na chumvi likaingia neno moja ambalo wazazi wetu hawakulijua sana: kila mtu na chake.

Aliyenipa neno hilo nyumbani kwangu ni kijana mmoja anayeitwa Kulwa. Alikuwa ananunua kuku vijijini na kuwapeleka Lamadi kwa baiskeli. Akipita kwetu hakosi utani.

“Mwadila, mtemi wa kuku!” alinisalimia siku hiyo. “Wenzako wanaoa kwa ng'ombe. Wewe mahari utapeleka vifaranga? Baba mkwe atawafunga kamba wapi?”

Kabula alicheka. Mimi nikamwambia aangalie bei, asiangalie ukoo.

Akatazama uani, akatikisa kichwa. “Ni hawa tu? Na baba yenu mdogo akija mtamwonyesha hawa sita? Mama yako alikuwa na kuku nyumba nne, mimi nimewaona kwa macho yangu. Wale wenye rangi ya kanga wako kwa Bibi Milembe, wameshakuwa kundi. Unangoja nini? Marehemu hadai, Masunga, na walio hai wanalijua hilo.”

Maneno yale yaliniingia kama mwiba wa mgunga. Ni kweli, mama alikuwa na kawaida ya kumpa rafiki yake tetea mmoja akamlee. Akiangua, vifaranga wanagawanywa, nusu wa mwenye kuku, nusu wa mlezi. Mwewe akichukua, hakuna ugomvi. Akifa kwa ugonjwa, mlezi analeta bawa lionekane, basi. Hakuna kilichoandikwa. Mimi niliona ni ujinga wa kizamani. Nikajisemea, sisi ni yatima, na mali ya yatima huliwa mchana kweupe. Nikiwakusanya wote uani kwangu, baba mdogo akifika atakuta kundi, atanyamaza.

Nikaazima baiskeli. Nyumba tatu za kwanza walinipa kuku wangu bila neno. Mama mmoja alinitazama tu usoni, akaenda kufungua banda, akarudi ndani. Hakuniaga. Nami sikulijali hilo; nilikuwa naangalia tenga.

Bibi Milembe nilimfikia mwisho. Alikuwa mjane, rafiki wa mama tangu usichana wao. Alikuwa anapepeta mtama.

“Mwadila, mayu,” nikamsalimu, kama nilivyokuwa nikimwita mama.

“Mwadila, ng'wana wane. Vuta kigoda.”

“Sikai. Nimefuata kuku wa mama.”

Akaweka ungo chini. “Wote?”

“Wote.”

“Ni wenu, utawachukua. Lakini si leo. Hapo nyumba ya pili kuku wameanza kuzubaa tangu juzi. Wangu bado wanakula, ila mdondo huanza kimya. Ngoja wiki mbili. Wakiwa wazima nitawaleta mwenyewe.”

Mdondo, mwanangu, ndio huo wengine wanauita kideri. Nilikuwa naujua kwa jina. Lakini mtu akishaamua kwamba anaibiwa, hata ushauri anausikia kama wizi.

“Wiki mbili ili wafie huku, kisha mniletee mabawa?” nikamjibu. “Na nyama mmeshakula?”

Binti yake aliyekuwa anatwanga aliacha mchi hewani. Bibi Milembe hakupandisha sauti.

“Masunga, hayo unayasema wewe au umetumwa?”

“Nasema mimi.”

“Haya. Njoo tuwakamate. Mimi mgongo hauinami siku hizi.”

Akanisaidia kuwakamata. Akawafunga miguu kwa kamba ya katani, taratibu, ili wasiumie. Mpaka leo naiona mikono yake.

Uani kwetu, ndani ya ua wa minyaa, kundi lilijaa. Zaidi ya hamsini ukiwahesabu na vifaranga. Kabula alishika kiuno akacheka, mara yake ya kwanza kucheka vile tangu mazishi. Limi akaanza kuwapa vifaranga majina. Wahenga wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hawakumaanisha heshima tu, mwanangu. Mgeni hufungwa pembeni ili aangaliwe. Mimi niliwakata kamba wote siku ile ile nikawachanganya na wale sita wetu.

Siku ya nne, koo mmoja mwenye rangi ya kanga alisimama karibu na mtungi wa maji, mabawa yameshuka, macho yamefumba kama mtu anayesali. Kinyesi chake kilikuwa cha kijani. Siku ya tano walikuwa saba. Wengine wakapinda shingo, wakawa wanatazama mgongo wao wenyewe, wakizunguka mahali pamoja. Nikataka kuwatoa wale waliokuwa bado wazima niwapeleke mbali. Nikashika tenga, nikasimama mlangoni, na hapo ndipo nilipoona kwamba hakuna nyumba hata moja ninayoweza kwenda. Na hata ningepokelewa, ningepeleka kifo.

Kulwa alipita. “Niuzie hawa wanaosimama,” akasema kwa sauti ya chini. “Kesho watakuwa wamechinjwa Lamadi. Nani atajua?”

Nilimfukuza. Katika yote ya msimu ule, hilo peke yake silijutii.

Koo wa mwisho alikufa vifaranga wakiwa chini ya mabawa yake. Hawakutoka. Walikaa humo mpaka alipopoa, na kesho yake wakaanza kufa na wao. Limi alimbeba mmoja kwenye gauni lake kutwa nzima. Nilipomwambia ameshakufa alinijibu, “Amelala, kaka. Usimwamshe.” Tukawafukia wote shimo moja nyuma ya choo. Hakubaki hata jogoo wa kuwika. Mtaka yote hukosa yote.

Mahindi yaliisha kabla pamba haijakomaa vizuri. Baba mdogo alipokuja pamoja na shangazi, alimkuta Limi anakula uji mwepesi usio na chochote. Hakusema neno la dharau. Alikaa, akatuita, na kama ilivyo desturi, akatuma mtu kuwaambia majirani kwamba kikao kipo, mwenye neno kuhusu watoto hawa aje aseme. Tukangoja. Jua likapanda. Viti vilivyowekwa kwa ajili ya majirani vilibaki vitupu.

“Hakuna mwenye neno,” akasema baba mdogo. Nadhani hata yeye alisikitika.

Limi alipandishwa kwenye baiskeli, akapelekwa Dutwa. Hakujua kwamba harudi. Alinipungia mkono kama mtu anayekwenda mnadani. Kabula alijua. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: “Kaka, nani atakutekea maji?” Kisha akamfuata shangazi kwenda kupanda basi.

Kiangazi kilichofuata, Limi alishikwa na surua huko Dutwa. Habari zilinifikia wakiwa wameshamzika. Nilifika kaburini udongo ukiwa bado mbichi. Mimi niliyemfundisha kutembea sikushika hata koleo.

Niliporudi kutoka Dutwa sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Bibi Milembe, nikakaa chini kwenye udongo, kigoda nikakiacha. Alikuwa amepoteza kuku wake wote pia. Alinipa pole ya Limi.  Kisha akaniuliza:

“Babu yako, ng'ombe wake wote walikuwa wanalala boma moja?”

“Hapana, mayu. Wengine aliwaweka kwa watu.”

“Kwa nini?”

“Ili ugonjwa ukiingia boma moja usiwamalize.”

“Hilo la ng'ombe unalijua kwa sababu ni la wanaume. La kuku hukulijua kwa sababu ni la mama yako.” Akavuta pumzi. “Tena si ugonjwa tu. Mtu akiwa na kuku wako, ana sababu ya kuuliza umeamkaje. Siku ya kikao chenu nilioga, nikavaa. Nilitaka kuja. Nikafika hapo njiani nikajiuliza, nitasema nini? Nikisema nitawaangalia watoto hawa, baba yako mdogo ataniuliza, kwa undugu gani? Na kijana wao ameshaniita mwizi. Nikarudi, nikavua.”



“Na mimi nilikosa,” akasema. “Mtoto wa rafiki yako akikutukana, humwachi. Nilimwacha mama yako siku ile. Nitakwenda kulijibu nikifa. Lakini wewe utaishi nalo, na hilo ni refu zaidi.”

Alisema kweli. Kabula yupo Lamadi, mzima, ana watoto na wajukuu. Akija kunisalimu anapiga hodi nje ya ua, anangoja akaribishwe, kwenye mji aliozaliwa. Namwambia ingia, ni kwenu. Anaingia, anakaa kwenye kiti cha wageni.

Sasa nisikilize, mwanangu, nisikuache na hadithi tupu. Kuku wakianza kuongezeka, usifurahie kuwaona wote uani kwako. Weka tetea wawili kwa jirani, na wa jirani walee kwako. Akija kuku mgeni, hata awe wa mama yako mzazi, mtenge wiki mbili, umlishe peke yake, umtazame. Siku hizi ipo chanjo ya mdondo, tone moja jichoni; usiseme kuku wangu ni wa kienyeji hawahitaji. Fuatana na mtaalamu wa mifugo wa kata yako, chanja kila inapotakiwa, na umwambie jirani achanje siku hiyo hiyo, maana ugonjwa haujui mpaka wa minyaa. Wakianza kuumwa, usiuze. Usimuuzie mtu msiba wake.

Na mtu mzima akikwambia ngoja, ngoja. Ukimshuku, mshuku kimyakimya, umpe siku alizoomba. Ukikuta umekosea, hujatukana mtu. Ukikuta uko sahihi, kuku ni kuku tu, watapatikana wengine. Mkono mmoja haulei mwana. Mimi nilijaribu kwa mkono mmoja, nikabaki na mkono.

Mungu akulindie vifaranga wako, mwanangu, na mwewe na mdondo. Akupe majirani wanaojua jina la kila mtoto wako, na akupe ulimi wa kuomba radhi mapema. Ukikalishwa kikao siku ya dhiki, viti visikae vitupu. Wadogo zako wakue mkononi mwako, na siku ya kuzikana, wakuzike wao.