Saveri ya redio ya Kabambare ilizimika na sauti ya yaya wangu ndani

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi Baba Amisi, masomo niliyaonja tu, kwa hiyo maandiko yakipinda, muyanyooshe wenyewe. Lakini mambo haya ni kweli, niliyaona na macho yangu.

Hapa Kabambare iko redio ndogo. Mu chumba cha nyuma iko saveri, sanduku la chuma la zamani lenye diski ine, ndimo wanatunza sauti zote.

Yaya wangu Ramazani, yaani kaka yangu mukubwa, bingwa wa hadisi kwetu Wabangubangu, aliacha humo hadisi moja tu mbele ya kufa. Moja. Aliogopa mikro, kile chuma cha kusemea, yeye ambaye hakuogopa nyoka. Siku moja ku Lusangi alikamata nyoka kwa mukia... tuiache ile.

Sasa tunakaribia kuondoa matanga yake, wajukuu wanatoka Kasongo kuja kumusikiliza, jenereta ikakohoa, moto wa umeme ukaruka. Saveri kimya. Hakuna taa, hakuna feni.

Papa Saleh, mukubwa wa redio, akafanya kile tunafanyaka wote hapa pile, betri za redio, zikichoka. Akatandika mukeka, akatoa diski zote, akazianika juani.

Na mimi nikasaidia kuzigeuza! Joto liingie pande zote.

Ndipo akafika Mama Feza, fundi wa Kasongo tuliyemutumia neno, vumbi ya pikipiki mpaka ku kope.

— Ee Papa Saleh! Unaanika muhogo?

— Zinachukua nguvu, mama.

— Zinachukua kifo! Rudisha ku kivuli, upesi!

Wakuu, nilizikusanya mbio mbio. Kumbe nilikuwa nageuza yaya wangu juani kama samaki.

Mama Feza akafungua lile sanduku. Akatuonyesha alimantasyo, kisanduku cha ndani chenye kugawia vingine vyote umeme. Akakinusa, akaninusisha na mimi. Harufu ya kuungua.

— Baba Amisi, aliyekufa ni mupishi. Wenye kula wako na njaa tu, kama jua halikuwaua.

Ya kufanana nayo haiuzwi tena. Akatuma neno ku Salamabila, kwa muchuuzi mumoja wa zahabu mwenye ordinateri, kompyuta, iliyovunjika. Alimantasyo yake ikaletwa na pikipiki, imefungwa mu kitenge kama mutoto muchanga.

Akapima kila waya kwanza, akalinganisha plagi. Vikapatana. Lakini ilikuwa kubwa, ikakataa kuingia mu sanduku. Basi akaiacha nje, nyaya zikapita ku tundu la nyuma, akaikaza na mpira wa ndani wa tairi. Diski zilikuwa na namba, akarudisha kila moja mu chumba chake.

Akawasha.

Feni ikavuta pumzi. Diski zikaanza kuvuma kama nyuki mu muzinga. Taa moja, mbili, tatu. Ya ine ikakawia. Papa Saleh, jina la Kiislamu lakini Mukatoliki, akashika rozari, mimi nikashika tasbihi. Ikawaka, kijani!

Siku ya matanga tukaweka boksi la sauti uani. Ramazani akaanza kusema. Watu wakaacha hata kutafuna.

Musiojua: kwetu mwenye hadisi haendi mbele bila kuitikiwa. Na yeye alirekodi peke yake, mu chumba kitupu.

Lakini aliuliza vilevile: «Nitembee?» Kisha akangoja.

Ile kimya ilitoka mu boksi, ikatufunika.

Ndipo watu wote wa uani, mpaka wajukuu wasiomukumbuka sura, wakaitika: «Tembea!»

Na yeye akatembea. Wakuu, kama aliyesikia.

Nilichojifunza: mashine ikizimika, musiseme imekufa. Tafuteni kwanza kama inakula. Diski musizianike, zile si pile. Na sauti musiiache mahali pamoja. Sisi tumeshaiweka ku simu za watoto wote.

Wenye kujua, muniambie alimantasyo ya nje itavumilia vumbi yetu ama tuijengee kisanduku. Na wasioamini, karibuni vilevile. Lakini mujibu kwanza hili: maiti akikuuliza «Nitembee?» na akangoja, wewe ungenyamaza?